Pedi za Breki za Golf GTI Uwanjani: Pima Joto Kwanza

Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyouzwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2009 ikiwa na injini ya lita 2.0 yenye turbo na nguvu ya farasi 200, ni gari ambalo breki zake zilisanifiwa kwa ajili ya barabara, na kwa barabara zinatosha bila shaka yoyote. Mbele lina diski za kipenyo cha milimita 312 na unene wa milimita 25, zenye nafasi za kupitisha hewa katikati; nyuma lina diski nyembamba za milimita 286 zisizo na nafasi hizo. Ukilipeleka kwenye uwanja wa mbio kama lilivyotoka kiwandani, litakwenda vizuri kwa mizunguko michache, kisha utaanza kuhisi mguuni kwamba breki hazishiki kama zilivyoshika mwanzo.

Mimi ninaishi mashariki mwa Uingereza, na gari hili ndilo ninaloliendesha kwenda kazini siku za wiki na kwenda uwanjani kila nipatapo nafasi, kwa hiyo suala la pedi zipi nifunge limenishughulisha kuliko jambo jingine lolote la gari hili. Msimamo wangu ni kwamba pedi huchaguliwa kwa joto. Ujue kwanza diski zako zinafika nyuzi ngapi katika uwanja unaoutumia na kwa namna unavyoendesha, ndipo utafute mchanganyiko unaoshika vizuri katika joto hilo, na ambao pia utashika asubuhi ya baridi unapotoka nyumbani. Jina la kampuni, rangi ya pedi na sifa zinazozunguka miongoni mwa madereva ni mambo ya kuja baadaye.

Tuanze na nishati, kwa kuwa hapo ndipo ukubwa wa kazi unapoonekana. Gari hili pamoja na dereva na petroli lina uzito wa karibu kilo 1,400. Likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa linabeba nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 540. Likifika kilomita 190 kwa saa, nishati hiyo inakaribia kilojuli 1,950, yaani zaidi ya mara tatu na nusu, ingawa mwendo wenyewe haujafika hata mara mbili, kwa sababu nishati hupanda kwa mraba wa mwendo. Mwishoni mwa sehemu iliyonyooka ya Bentley pale Snetterton, dereva hushuka kutoka karibu kilomita 190 hadi karibu kilomita 90 kabla ya kuingia kona ya Brundle, na kazi hiyo yote humalizika kwa sekunde tatu na nukta kadhaa. Ndani ya muda huo breki hugeuza takriban kilojuli 1,500 kuwa joto, na ukizigawanya kwa sekunde hizo utaona kwamba breki zinafanya kazi kwa nguvu ipatayo mara tatu ya nguvu yote ya injini. Kwa kuwa uzito wa gari huhamia mbele wakati wa kufunga breki, karibu robo tatu ya mzigo huo huangukia diski mbili za mbele. Breki moja tu ya namna hiyo inaweza kuipandisha kila diski ya mbele kwa nyuzi mia moja na ushee, na kabla haijapata nafasi ya kupoa, kona nyingine imeshafika.

Kwa sababu hiyo viwanja havidai kitu kimoja kutoka kwenye pedi. Snetterton, ulioko Norfolk, ulikuwa kiwanja cha ndege za kivita za Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ardhi yake ni tambarare kabisa. Njia yake ndefu, iliyoanza kutumika mwaka 2011, ina urefu wa karibu kilomita 4.8, na inakutaka ufunge breki kwa nguvu mara chache kutoka mwendo mkubwa, huku ikizipa diski muda wa kupigwa na upepo kati ya breki moja na nyingine. Joto lake huruka juu sana na kushuka. Brands Hatch, kule Kent, katika njia yake fupi ya karibu kilomita 1.9, hauna sehemu ndefu iliyonyooka ya kuzipumzisha breki. Kona hufuatana, mwendo ni mdogo zaidi, na joto hujilimbikiza polepole bila kushuka. Upande mwingine, kona ya Druids hufikiwa kwa kupanda mlima, na mlima huo hulisaidia gari kupungua mwendo, jambo ambalo kwa gari lenye diski za ukubwa wa wastani ni nafuu ya kweli. Pedi inayokaa vizuri siku nzima Brands Hatch inaweza kufikishwa ukingoni mwa uwezo wake Snetterton katika mzunguko wa nne au wa tano.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushiriki, siku hizi za uwanjani si mashindano. Mtu hulipa ada, huhudhuria maelezo ya usalama asubuhi, huvaa kofia ngumu, na kuendesha gari lake mwenyewe kwa vipindi, bila saa ya kupima mizunguko, huku gari likiruhusiwa kulipita jingine pale tu dereva wa mbele anapokubali. Kwa kuwa hakuna zawadi ya kushindania, sioni sababu ya kufunga pedi za mashindano yenyewe kwenye gari ambalo jioni hiyohiyo litarudi nyumbani kwa barabara kuu ya A11 katika mvua.

Breki zinapopoteza nguvu uwanjani, sababu huwa mojawapo ya mbili, na mguu wa dereva unaweza kuzitofautisha. Ikiwa kanyagio ni gumu, limesimama palepale linaposimama siku zote, lakini gari halipungui mwendo inavyostahili hata ukikanyaga kwa nguvu zako zote, basi pedi ndizo zilizoshindwa. Ikiwa kanyagio limekuwa laini na linazama kuelekea sakafuni, basi mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, yaani kifaa chenye pistoni kinachozibana pedi kwenye diski. Mvuke hubanwa kirahisi ilhali mafuta hayabanwi, kwa hiyo nguvu ya mguu huishia kuuminya mvuke badala ya kuzisukuma pistoni. Dereva asiyejua tofauti hii atanunua pedi za bei ghali ilhali tatizo lake lilikuwa mafuta ya miaka mitatu.

Kuhusu mafuta nitasema machache, kwa sababu jawabu lake ni fupi. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, na yakishanyonya maji yasichemke chini ya nyuzi 155. Mafuta ya aina hii hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka mzima, hata gari likiwa limeegeshwa, na ndiyo maana tarakimu ya pili ina uzito kuliko ya kwanza kwa mtu anayeendesha gari lilelile barabarani na uwanjani. Yapo mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio ambayo huchemka juu ya nyuzi 300 yakiwa mapya. Castrol SRF inasifika hasa kwa sababu hata baada ya kunyonya maji kiwango chake kinabaki karibu nyuzi 270. Ukiyabadilisha mafuta kabla ya msimu na ukatoa hewa yote kwenye kalipa nne, suala la kanyagio laini litakuwa limepungua sana, na utabaki na pedi peke yake.

Pedi ya kawaida ni mchanganyiko wa nyuzinyuzi, unga wa madini, grafiti na vitu vya kukwaruza, vyote vikishikanishwa kwa gundi ya fenoli na kubandikwa juu ya bamba la chuma. Gundi hiyo ndiyo sehemu dhaifu. Joto linapovuka kiwango chake huanza kuoza na kutoa gesi, na gesi hiyo ikikosa pa kutokea, pedi huelea juu yake kama tairi linavyoelea juu ya maji barabarani. Baada ya hapo uso wa pedi hubaki umeng'aa na mgumu, na hata ikipoa haishiki tena kama zamani mpaka uso huo usagike. Pedi za kiwandani zilizotengenezwa kwa barabara huanza tabia hii katika joto ambalo gari la uwanjani hulivuka kabla dereva hajapasha vizuri tairi zake.

Swali basi ni nyuzi ngapi, na hapa sikubaliani na wanaojibu kwa kukisia. Kipimajoto cha miale kinachoelekezwa kwenye diski gari likiwa limeshasimama hakitoshi, kwa kuwa kufikia hapo umeshafanya mzunguko wa kupoza na umeingia polepole sehemu ya maegesho, hivyo unachokisoma ni joto la diski iliyokwisha kupoa. Ninachotumia ni rangi maalumu za kupima joto, zinazouzwa katika vichupa vidogo vitatu kwa ajili ya mashindano. Huipaka rangi kwenye ukingo wa nje wa diski, pale ambapo pedi haigusi, vistari vitatu kimoja kando ya kingine. Ya kijani hubadilika kuwa nyeupe joto likifika nyuzi 430, ya chungwa huwa njano kwa nyuzi 560, na nyekundu huwa nyeupe kwa nyuzi 610. Kwa kuwa rangi ikishabadilika hairudi, ukingo wa diski hukuhifadhia joto la juu kabisa lililofikiwa katika kipindi kizima.

Kwenye gari langu, baada ya kipindi kizima cha dakika ishirini pale Snetterton siku ya kiangazi, niliinama nikachungulia kati ya mikono ya rimu. Kistari cha kijani kilikuwa kimepauka kikawa cheupe kama chokaa. Cha chungwa kilikuwa njano iliyokolea upande wa ndani wa gari, na upande wa nje kilikuwa bado na madoadoa ya chungwa, maana upande wa nje hupata upepo mwingi zaidi. Chekundu kilikuwa vilevile nilivyokipaka. Kwa hiyo diski za mbele za gari hili, kwa mwendo wangu na katika uwanja ule, zinafika kati ya nyuzi 560 na 610. Nilipaka rangi hizohizo kwenye diski za nyuma, na hata cha kijani hakikuguswa. Habari hiyo moja ilinisaidia kuliko mapendekezo yote niliyopewa na watu wenye magari tofauti na mguu tofauti.

Sasa tuzitazame pedi zenyewe kwa macho hayo. Ferodo, kampuni iliyoanzishwa na Herbert Frood huko Derbyshire mwaka 1897, inatengeneza DS2500, ambayo pengine ndiyo pedi inayotajwa zaidi na wenye magari ya aina hii. Kiwanda chenyewe kinaieleza kuwa na kipimo cha wastani cha msuguano cha 0.42 kati ya nyuzi 20 na 500. Naipenda pedi hii kwa dhati. Inashika ikiwa baridi, haina ghafla mguuni, na dereva anaweza kuachia kanyagio taratibu anapoingia kona bila pua ya gari kuruka. Hata hivyo, ukiiweka kando ya kile kistari cha njano cha nyuzi 560, unaona mara moja kwamba diski zangu za mbele zinaivusha nje ya eneo lake. Kwa mtu wa Brands Hatch mwenye gari jepesi zaidi, kwa mfano Clio au Fiesta ST, huenda ikawa ndiyo chaguo bora kabisa na asihitaji kuitazama nyingine. Kwa Golf la kilo 1,400 pale Snetterton haitoshi mbele.

Ngazi inayofuata ni pedi za mbio ndefu, yaani zile zilizobuniwa kwa mashindano ya saa nyingi ambapo pedi inatakiwa idumu na isizile diski. Pagid RS29 ya rangi ya njano ni ya kundi hilo. Inavumilia joto ambalo DS2500 hailivumilii, inashika kwa kiwango cha kuridhisha hata kabla haijapata moto, na nguvu ya breki hupanda na kushuka kwa kufuata mguu, sifa ambayo kwangu ina thamani kuliko nguvu ya ghafla. Ina kelele barabarani; ukisimama kwenye taa za barabarani kila mpita njia atajua umefika. Juu ya ngazi hiyo ziko pedi za mbio fupi, zenye kung'ata kwa nguvu mara tu unapogusa kanyagio, na pembeni ziko pedi zisizo na gundi kabisa, kama zile za CL Brakes ya Ufaransa, ambazo unga wa metali hushinikizwa na kuchomwa mpaka ushikamane wenyewe. Hizi hazina gundi ya kuoza, kwa hiyo joto haliziangushi kwa njia niliyoieleza, lakini huweza kuzila diski kwa haraka zaidi na hupitisha joto kuelekea kwenye pistoni na mafuta kwa urahisi zaidi, jambo linalorudisha lile tatizo la kuchemka.

Watu wengi huitazama kwanza ile tarakimu ya msuguano, wakiamini kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi. Gari hili lina tairi za kawaida za barabarani, na DS2500 tayari ina uwezo wa kuzifikisha kwenye kikomo cha mshiko wao na kuiamsha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge. Msuguano ulioongezwa juu ya hapo haukufupishii umbali wa kusimama. Unapunguza tu nguvu ya mguu inayohitajika, na ukizidi sana unapunguza pia nafasi ya dereva kupima breki yake. Katika baadhi ya magari, pedi inayong'ata ghafla kupita kiasi huifanya kompyuta ya ABS ihukumu kwamba gari liko kwenye barafu, nayo ikaachia shinikizo wakati ambapo dereva analihitaji zaidi. Kinachotafutwa uwanjani ni msuguano usiobadilika, uwe uleule katika mzunguko wa kwanza na wa kumi, ili alama uliyoichagua ya kuanza kufunga breki ibaki kuwa ya kweli kipindi kizima.

Zile herufi mbili zinazochapwa ubavuni mwa pedi, kama FF au GG, nazo zinaeleweka visivyo. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano wa kipande cha pedi kikiwa katika joto la kawaida na ya pili kikiwa katika joto la juu. F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Lakini joto la juu katika jaribio hilo haliendi mbali sana na nyuzi 340, na kinachojaribiwa ni kipande kidogo chenye upana wa inchi moja. Kwa diski inayofika nyuzi 580, herufi hizo hazina cha kukuambia. Kwa barabara kuna kipimo kingine cha maana zaidi, nacho ni kanuni ya R90 ya Umoja wa Mataifa, inayotaka pedi mbadala isitofautiane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi nyingi za uwanjani hazina muhuri huo, na anayezifunga kwenye gari la barabarani anapaswa kuijulisha kampuni yake ya bima na kusoma kwa makini sheria za nchi anamoishi.

Nyuma nimefunga DS2500, na mbele RS29, na mpangilio huu una sababu. Hachibaki (gari dogo lenye mlango mkubwa wa nyuma) inayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele huinua mkia wake unapofunga breki, na tairi za nyuma hubaki na uzito mdogo sana juu yake. Ukiziwekea nyuma pedi zenye kung'ata kuliko za mbele, gari litataka kugeuka mkia mbele, hasa pale unapofunga breki huku umeanza kukata kona, na kompyuta ya kusawazisha breki italazimika kufanya kazi ambayo haikupangiwa. Kwa kuwa rangi ilishaonyesha kwamba diski za nyuma hazifiki hata nyuzi 430, pedi ya nyuma haihitaji uvumilivu mkubwa wa joto. Inahitaji kushika ikiwa vuguvugu. Kufunga pedi za mbele mpya za uwanjani na kuziacha za nyuma zile za kiwandani pia kunawezekana, ila hapo mbele itabebeshwa mzigo ambao nyuma ingeweza kuusaidia.

Jambo moja ambalo wenye Golf za kizazi cha sita na kuendelea wanapaswa kulijua ni mfumo wa XDS, ulioletwa kwenye GTI mwaka 2009. Mfumo huu hulikamata kwa breki gurudumu la mbele la upande wa ndani wa kona ili nguvu ya injini ihamie upande wa nje. Barabarani ni jambo zuri. Uwanjani maana yake ni kwamba pedi za mbele zinapashwa moto hata wakati mguu wako uko kwenye kanyagio la kuongeza mwendo na si kwenye breki, na anayejiuliza kwa nini pedi zake huisha upesi ilhali hafungi breki sana amepata sehemu ya jibu hapo. Mtu huyo apake rangi kabla ya kuamini hesabu ya mwenye kizazi cha tano.

Pedi ikishachaguliwa inapaswa kuzoeshwa na diski, na hatua hii inafupishwa mno na watu waliokwisha kulipa pesa nyingi kwa pedi. Kinachotakiwa ni utando mwembamba wa pedi ulioenea sawasawa juu ya uso wote wa diski, kwa sababu sehemu kubwa ya mshiko hutokana na pedi kusuguana na utando huo. Ninachofanya, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, ni kufunga breki mara kadhaa kwa nguvu ya wastani, kisha mara kadhaa kwa nguvu zaidi kutoka mwendo mkubwa kidogo, bila kusimama kabisa hata mara moja, halafu kuendesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Kusimama na kushikilia kanyagio diski zikiwa za moto huacha alama ya pedi mahali pamoja, na baadaye dereva huhisi usukani ukitetemeka na kuambiwa na fundi kwamba diski zimepinda. Mara nyingi hazijapinda. Zina utando mzito mahali pamoja na mwepesi kwingine. Kwa sababu hiyohiyo, kubadilisha mchanganyiko mmoja kwa mwingine juu ya diski zilezile kunadai kwanza utando wa zamani usuguliwe na kuondolewa.

Siku yenyewe, mzunguko wa mwisho wa kila kipindi uwe wa kupoza, gia za juu, breki zikiguswa kwa shida. Ukifika maegesho usivute breki ya mkono. Acha gari kwenye gia na uweke kabari kwenye tairi, kisha baada ya dakika chache lisogeze kidogo ili pedi isikae mahali pamoja kwenye diski ya moto. Tazama unene kila unapotoka. Pedi mpya hulinda pistoni dhidi ya joto, na kadiri inavyosagika ndivyo ukuta huo unavyopungua, kwa hiyo mimi huitoa pedi ya uwanjani ikiwa imebaki na milimita sita, hata kama barabarani ingefika mbali zaidi. Tazama pia mpira wa kuzuia vumbi unaozunguka pistoni: ukianza kukauka na kupasuka, joto limeshapita mahali ambapo halikupaswa kupita. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, na pedi za leo hazina, lakini unga wa metali na nyuzinyuzi si kitu cha kuvutwa mapafuni. Tumia maji na kitambaa.

Golf za kizazi hiki ziko nyingi Nairobi, na ndugu zangu wa huko huniuliza kuhusu pedi hizihizi ingawa wengi wao hawaendi uwanjani. Kwa anayeshuka mteremko wa kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, kinachosumbua ni breki nyepesi isiyoachiliwa kwa kilomita nyingi, na dawa yake ya kwanza ni gia ya chini; pedi ya kiwango cha kiwandani na mafuta mapya ya breki vitamtosha. Hatari kubwa kwake ni pedi bandia katika boksi lenye jina la kuaminika. Atazame kama bamba la nyuma limekatwa kwa usafi, kama namba iliyochapwa ubavuni inalingana na ya boksi, kama uso wa pedi umeshikamana na bamba bila mwanya wowote, na anunue kwa muuzaji anayeweza kumpa risiti na kumpokea akirudi.

Kwa upande wangu, kabla ya msimu ujao nataka kufunga mirija ya kupeleka hewa kutoka chini ya bampa hadi katikati ya diski za mbele, kisha nipake upya vile vistari vitatu na kurudi Snetterton katika hali ya hewa inayofanana na ile ya mara iliyopita. Kistari cha chungwa kikibaki chungwa, itakuwa na maana kwamba kilele cha joto kimeshuka chini ya nyuzi 560, na cha kijani ndicho kitakachoamua: kikibaki kijani, nitajaribu DS2500 mbele pia na kuachana na kelele za RS29 barabarani. Kikiwa cheupe, RS29 itabaki palepale ilipo.